Naomba ushauri: betri za asidi au lithiamu kwa nyumba isiyo na umeme wa gridi?

Habari zenu wakuu. Nguzo za umeme ziko mbali nami, nataka kufunga sola upya. Friji, taa, pampu na televisheni vinakula kama uniti 3 kwa siku. Akiba ya siku mbili za mawingu ni uniti 6. Betri za asidi haifai kuzishusha chini ya nusu ya chaji, kwa hiyo ninunue za uniti 12; lithiamu huvumilia kutumiwa asilimia 80 ya chaji yake, uniti 7.5 zinatosha.

Bei ya lithiamu inanitisha kweli. Ila zile za asidi nilizokuwa nazo zilivimba ubavuni baada ya miaka miwili, friji ikawa inazima usiku wa manane na maziwa ya mtoto yamo ndani. Mliotumia lithiamu muda mrefu, imewalipa? Au nipunguze betri, niweke jenereta ndogo?