Nem za Bashinwa: ni mboga ao ni mafuta?

mama_wa_katuba

Jambo bandugu. Munisaidie kukata mabishano hapa kwangu nyumba. Bwana yangu anatumika karibu na restora moja ya Bashinwa hapa Lubumbashi, sasa kila siku ya tano magaribi anarudiaka na ka karto ka nem sita (bile bya unga binafungwa sawa sigara na kabichi ndani, binakarangwa), na bile bintu bingine bya kukaranga, beinye ya kreveti, ravioli ya kukaranga, na ka sashe ka sosi nyekundu ile ya sukari-sukari. Anakula nem ine mbele ya bukari (ugali), alafu bukari inafika anakula tena yote sawa vile hajaweka kitu mu kinywa tangu asubui. Munganga alishamuambia tansiyo (presha ya damu) iko juu, apunguze uzito. Nikimuambia ananijibu "mama, ndani ni kabichi na karoti, minakula mboga". Mboga gani ile inapitisha mafuta mu karto mpaka ku kitambaa ya meza??

Nem moja iko na kalori ngapi kweli? Na mu bile bintu yote kibaya zaidi ni gani? Musiniambie aache, ataniacha miye mbele aache nem.

kikalango_moto

Mama jambo. Nilitumika mu jikoni ya Bashinwa myaka tatu, hapa hapa Lubumbashi, nem nimefunga mpaka vidole vinajua njia vyenyewe. Bwana yako hasemi uongo, ndani ni kabichi kweli, karoti, ka nyama kidogo. Lakini ile kabichi mbele ya kufungwa inapitaka kwanza mu kikalango na mafuta juu maji yake itoke, kama haitoke karatasi ya unga inapasuka. Ndiyo mafuta ya kwanza hiyo. Alafu inafungwa mu unga wa ngano, inazamishwa mu mafuta, ya pili.

Kitu batu hawajui: wakati inachemka na kutoa mapovu, ile mapovu ni maji inakimbia, na maji ikiwa inatoka mafuta haina nafasi mingi ya kuingia. Inaingia sana wakati unaitoa, inapoa, ile matundu ya maji inavuta mafuta yenye imebakia juu ya ngozi. Njo maana mupishi muzuri anaitikisa palepale na kuisimamisha wima ikauke. Siku ya tano batu bamejaa, nani ana wakati wa kusimamisha nem? Unatupa makumi mbili kwa mara moja, mafuta inapoa, inapashwa iwe karibu digri 180 yenyewe iko mbali chini, nem inakuwa laini na inakunywa sawa sponji. Na ukiifungia mu karto ya kubeba, mvuke unailainisha tena, mafuta haina kwenye inaenda.

Kibaya zaidi kwangu ni ravioli ya kukaranga, ni ngozi tupu, nyama sawa kichwa cha kiberiti. Beinye ya kreveti nayo, kreveti kidole, koti ya unga sawa ya baridi ya Juni.

yaya_infirmiye

Mama, nikuwekee hesabu uende nayo mezani. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, unga na sukari 4, nyama pia (ile protini yake) 4. Kabichi yenyewe gramu 100 haivuki kalori 25 hivi, kwa hiyo kama angekula kabichi kweli tungempigia makofi. Kwenye jedwali za vyakula za Marekani, nem kubwa ya restora za Wachina kule wanaihesabu kalori 250 kwa gramu 100, na moja ina karibu gramu 90, inatoka kalori 220 na kitu. Zetu za hapa ni ndogo, tuseme gramu 50, basi 125 moja. Nne ni 500. Halafu bukari: ukisonga unga wa mahindi gramu 150 kwa mtu mmoja ni kalori zaidi ya 500, bado mboga na samaki. Amekula mara mbili huyo baba, siyo mara moja.

Lakini mimi kwa mtu wa tansiyo naogopa zaidi chumvi. Sosi ya soya kijiko kimoja kikubwa kina sodiamu karibu miligramu 900, na OMS (shirika la afya la dunia) inasema mtu mzima abaki chini ya 2000 kwa siku, yaani chumvi gramu 5, kijiko kidogo kimoja. Soya iko ndani ya nem tayari, halafu anachovya. Watu wanalaumu ajinomoto (ile unga nyeupe ya kukoleza ladha), ina sodiamu kama theluthi tu ya chumvi, shida ni kwamba inaongezwa JUU ya chumvi na soya, haichukui nafasi yake. Ile nyekundu ni sukari hasa, amwage nusu.

ndevu_za_ruashi

Bashinwa banaonewa bule hapa 😂 Mikate ya asubui mama anakarangaka mu beseni ya mafuta nyeusi, hakuna mutu anauliza kalori. Na bia ya Simba je? Chupa moja kubwa ni karibu kalori 300, mzee akikunywa mbili ni sawa alikula nem tano na hakuna kabichi hata moja ndani. Kwanza uliza kama siku ya tano anapitiaka restora peke yake.

yaya_infirmiye

Kwa Simba nakubali kabisa. Mikate pia, ila mikate haina soya.

mama_wa_katuba

Asante sana bandugu. Simba tutaisema siku ingine juu anasoma hapa.

Muone nilifanya nini. Nilimuomba jirani anauzishaka gato balansi yake, nikafunga nem 12 miye mwenyewe, nikapima mafuta litre moja mbele: gramu 920. Nikakaranga kidogo kidogo sawa vile kikalango alisema, nikasimamisha wima, nikapima yenye ilibakia: 850. Ni gramu 70 ilienda, kalori 630, kila nem ilikunywa 50 na kitu peke yake ya mafuta, na mi sina haraka ya restora. Nikamwanga gramu 70 ingine mu glasi, nikaiweka mbele ya sahani yake, sikusema neno.

Aliiangalia muda. Akachukua bidon, akanionyesha maandishi: "Soma hapa mama. Huile vé-gé-ta-le. Si nilikuambia ni mboga?"

Lakini alikula mbili, siyo ine. Na sosi alibakisha.

kikalango_moto

Mbili na nusu ya sosi, mama umeshinda. Ile glasi ya mafuta usiimwange, karangia mikate ya ndevu.