Ushauri: Kidumbak nilichokikuta Ngome Kongwe nataka nikilete kwenye sendofu ya mdogo wangu, kamati wamegoma

Kaka wa Biharusi (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za saa hizi. Naombeni ushauri. Matusi kidogo ruksa, msizidishe tu.

Februari nilivuka kwenda Unguja kwenye Sauti za Busara. Nilimfuata msanii mmoja tu, yule aliyepewa sura kubwa kwenye bango. Wengine hata majina sikuyasoma. Jumamosi saa tatu usiku nimeshajipanga mbele ya jukwaa kubwa pale Ngome Kongwe, mafundi bado wanapima vyombo. "Moja mbili, moja mbili," nusu saa nzima. Mnajua lile tamasha hakuna kuimba juu ya sidii, kila kitu kinapigwa pale pale, kwa hiyo unavumilia. Sasa ndara nilizonunua Darajani asubuhi zilikuwa zimeshanichuna kidole. Nikasema acha nikakae kule upande wa pili, kwenye zile ngazi za mawe za ukumbi wa wazi, mguu upumue.

Kule nikakuta watu saba wa kidumbak, ngoma ya kucheza ya huko Unguja. Fidla moja, vigoma viwili vidogo vya udongo, mtu na vijiti, mtu na cherewa za kutikisa, mwimbaji, na mzee mmoja ameegemea sanduku lililopinduliwa lenye fimbo na uzi mmoja. Mimi nilidhani ni boksi la kubebea vyombo. Mara mzee akakanyaga ukingo wake kwa mguu wa kushoto, akaivuta fimbo nyuma, uzi ukakaza, akaugonga. Ile besi niliisikia kwenye jiwe nililokalia kabla haijafika masikioni.

Walianza polepole, nyimbo zile ambazo mama huziimba akiosha vyombo. Wimbo unaingia ndani ya mwingine bila kusimama, na kila wakivuka, mwendo unapanda. Mama mmoja pembeni yangu, simjui hanijui, akanitupia mkoba mapajani. "Nishikie mwanangu." Akafunga kanga kiunoni, akashuka. Nikakaa na mkoba wa watu kama dakika arobaini. Nikasikia kule jukwaa kubwa watu wanapiga kelele, msanii wangu ameanza. Sikunyanyuka. Mkoba ulikuwa kisingizio tu.

Sasa shida yenyewe. Mdogo wangu wa kike anaagwa mwezi wa sita, ukumbi upo Tabata, wageni 350. Nipo kwenye kamati, kitengo cha burudani. Nikapendekeza kile kikundi (jina silitaji hapa mpaka tukubaliane bei, nawajua nyie). Baba mdogo ndiye mwenyekiti, akanijibu mbele ya watu wote: "Watu wamechanga waje wacheze, wewe unatuletea wazee na boksi?" Nikawarushia video niliyorekodi kwa simu. Hiyo video ndiyo iliniua kabisa, inasikika kama nyuki ndani ya chupa.

Hesabu niliyofanya, nauli ya boti na malazi ya siku mbili, haimzidi DJ kwa mbali sana. Je, nikomae? Kuna aliyewahi kukutana na kitu tamashani akakileta nyumbani kikafanya kazi?

Mchangaji Hewa

Mkuu kwanza tuambie, hiyo nauli ya kwenda kumfuata msanii haikutoka kwenye michango ya sendofu?

Kaka wa Biharusi

😂 Ahadi yangu nimemaliza yote, daftari la mweka hazina lipo.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Kaka, wewe umekiona jukwaani ukashangaa, sie tumezaliwa nacho uani. Kidumbak ni ngoma ya harusi. Ndiyo kazi yake tokea hapo. Taarab ya klabu, zile za Ikhwani Safaa na Culture, watu wanakaa kwenye viti, wamevaa, wanasikiliza maneno, mtu akiguswa anainuka kwenda kutuza, kisha anarudi kukaa. Kidumbak kinachukua nyimbo zile zile kikazitia moto. Watu hawakai. Na mafundi wengi wa taarab waliosifika hapa mkono wao waliusahihisha kwenye kidumbak kabla hawajapewa kiti klabuni. Kwa hivyo huyo baba mdogo akisema "hakifai harusini" mwambie amekosa njia.

Lakini na wewe umekosa. Nikuulize, pale ngazini ulikuwa mbali kiasi gani na yule mzee wa sanduku?

Kaka wa Biharusi

Hatua kumi, kumi na mbili hivi. Nilikuwa naona kucha zake.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Haya. Na Tabata utakuwa mbali kiasi gani? Meza ya mwisho kule nyuma watamuona mtu na boksi kweli, kama alivyosema baba yako mdogo. Kidumbak kinataka duara. Kinataka wanawake wamekizunguka, mkeka, taa moja, na mtu wa kumwambia "nishikie mwanangu". Hicho ndicho ulichokipenda, wewe unadhani umependa muziki peke yake. Ukumbini kuna MC anakatiza kila baada ya dakika tano kuita wajomba waje na zawadi. Kidumbak hakikatizwi, mwendo ukishapanda ukaukata huurudishi tena. Utawaaibisha wazee wa watu bure.

Marehemu Bi Kidude mpaka anatutoka Aprili 2013 alipanda majukwaa mengi, hilo la Ngome Kongwe amepanda mara nyingi tu, na ngoma yake ameibana mapajani. Dunia ikamshangilia. Lakini sie tuliomuona kwenye unyago ndani tunajua kilichokuwa kinabaki ndani.

Fundi Spika

Mimi kazi yangu ni kufunga vyombo kumbi za Dar, kwa hiyo nizungumzie upande wangu.

Hilo sanduku ni mtihani. Sauti yake inatoka kwenye uwazi chini na kwenye mbao yenyewe, na mpigaji analiinamisha akicheza, kwa hiyo maiki ukiitega mahali pamoja unakosa nusu ya sauti. Ukiongeza, spika zinapiga mluzi. Tamashani kuna fundi ambaye hiyo ndiyo kazi yake, wewe uliona wanakukera na "moja mbili", kumbe wanatafuta hizo vitu. Kwenye sendofu mimi napewa dakika kumi, wapambaji bado wamepanda ngazi wanafunga vitambaa, na mpishi amechomeka friji kwenye waya wangu.

Halafu kumbi nyingi dari ni bati au jipsam, ukuta vioo. Fidla mle inakuwa sindano. Ukiamua lazima, usikubali wapitishwe kwenye mashine ya DJ. Tafuta mikisa yao peke yake, maiki sita walau, na ya sanduku ilazwe chini kwenye kipande cha godoro karibu na uwazi, isisimame kwenye stendi. Na wafike saa nane mchana, si saa moja.

Mweka Hazina Mstaafu

Mnamdanganya kijana wa watu. Nimekaa kamati tisa. Mtu akichanga laki moja anataka vitu vitatu: chakula kitoshe, kinywaji kitoshe, na akicheza acheze anachokijua. Hajachanga ili umfundishe muziki. Tamasha mtu ameenda mwenyewe, amelipa kiingilio mwenyewe, amejiandaa kushangaa. Sendofu amekuja kumuona binti. Weka DJ, apige Bongo Fleva, apige singeli, watu watoke jasho, kwisha.

Mtoto wa Mburahati

Mzee wangu shikamoo, ila hapo kwenye singeli umejifunga. Singeli mwaka gani kamati ilikuwa inaikubali? Mimi nimekulia Mburahati, singeli ilikuwa muziki wa vigodoro, barabara imefungwa kwa turubai na polisi wakija kila mtu na njia yake. Kabla yake ndugu zake wa mchiriku na vinanda vyao vidogo vya Casio walikuwa wanaitwa wahuni. Jagwa Music hao hao wa uswahilini wakaenda kupiga kwenye tamasha la Roskilde huko Denmark. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa singeli ya studio ya Sisso, hapa hapa kwetu Mburahati, wazungu wakaanza kuandika. Na kumbi nazo zikafungua milango. Leo mnasema "watu wanachokijua".

Wakati mwingine aliyekuja kushangaa nyumbani kwako ni mgeni, wewe mwenye nyumba unaona kelele.

Mweka Hazina Mstaafu

Marahaba. Lakini singeli ilikuja ukumbini watu wakiwa wameshaijua mtaani. Hukunijibu.

Mama wa Chamwino

Ngoja niwape yaliyonikuta, maana swali lilikuwa "nani aliwahi".

Mimi nipo Dodoma. Kuna tamasha la muziki wa Kigogo kila mwaka kijijini Chamwino. Nilikwenda mara ya kwanza kumsindikiza shemeji tu, kofia kichwani, nimeshaamua kwamba saa nane narudi mjini. Vikaingia vikundi, vingine sawa, vingine nikasinzia. Kikaja kikundi cha kina mama cha muheme. Wanawake watupu, ngoma wamezibana mapajani, aliyekuwa anaongoza ana umri wa mama yangu mzazi. Vumbi. Sauti zile za Kigogo, moja inapanda nyingine inaijibu kwa chini, kama watu wanaitana kutoka vilima viwili. Nilirudi mjini saa mbili usiku.

Mwaka uliofuata ofisini kwetu kuna hafla ya kufunga mwaka, nikawapendekeza, bosi akakubali. Tukawaweka ukumbini mbele, wageni wanakula. Jamani. Watu wanatafuna, wanapiga soga, mmoja anaomba ngoma zipunguzwe kidogo anaongea na simu. Kina mama wakapiga nyimbo mbili, nikamuona yule kiongozi anawatazama wenzake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Yeye mwenyewe akanifuata. Akaniuliza, "Hapa nje pana taa?" Nikamwambia ipo moja, ya mlinzi. Wakabeba ngoma zao wakatoka kimya, wakaanza upya kwenye maegesho kati ya magari. Dakika kumi baadaye ukumbini wamebaki wapishi. Mlinzi mwenyewe alikuwa Mgogo, akaacha geti wazi akaingia kati.

Kwa hiyo mimi nipo na dada wa Mkunazini. Usibishane na kamati juu ya kikundi. Bishana juu ya mahali.

Mchangaji Hewa

Huyo mlinzi bado ana kazi?

Mama wa Chamwino

Anayo. Bosi alikuwa amesimama naye.

Kaka wa Biharusi

Wadau nashukuru sana, mmenifungua. Naleta mrejesho.

Jana nilimpigia kiongozi wa kikundi. Nilijiandaa kwa habari ya bei. Swali lake la kwanza: "Wanawake watakuwepo wangapi?" La pili: "Chini sakafu au mchanga?" Bei tulizungumza mwisho kabisa, na ilishuka nilipomwambia ni nyumbani.

Maana nimebadilisha. Ukumbini abaki DJ wa kamati, baba mdogo amefurahi, anadhani ameshinda. Kidumbak kinakuja Alhamisi, siku mbili kabla, Mbagala uani kwa mama. Mama zangu wadogo na shangazi wanakuwa wameshafika. Nilivyomwambia mama kwamba ni watu wa Unguja, fidla na sanduku, alinyamaza, kisha akaniuliza kama wanaujua ule wimbo wa kuosha vyombo (yeye hasemi hivyo, anauimba mstari). Shangazi wa Tanga ameshatuma pesa ya nauli ya watu wawili bila kuombwa. Nimemwambia mweka hazina wa kamati yetu asiiandike kwenye daftari.

Mweka Hazina Mstaafu

Kama haijatoka kwenye mfuko wa kamati, mimi sina neno. Saa ngapi Alhamisi?

Kaka wa Biharusi

😂 Karibu mzee, baada ya magharibi.

Limebaki moja. Kiongozi anasema mpigaji sanduku hapendi kulipandisha kwenye boti, mara ya mwisho lilirundikiwa mabegi likapasuka. Ameniambia nimtafutie sanduku la chai huku, fimbo na uzi atakuja navyo. Dar hii sanduku la chai la mbao linapatikana wapi?

Fundi Spika

Chai siku hizi inasafirishwa kwenye mifuko ya karatasi, utazunguka Kariakoo mpaka uchoke. Nenda Keko kwa maseremala, wakupigie la plaiwudi nyembamba. Wasiweke misumari mingi katikati, litabweka. Uani hapo maiki huhitaji, mpe mwimbaji moja tu kama jirani ana jenereta.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Kabla hujampa seremala pesa, mpigie mzee mwenyewe akupe vipimo, usimuulize kiongozi. Kila mpigaji na goti lake.