Mada: Wakituuliza kwa nini Tanzania ilijizuia kwenye kura ya Ukraine, tunawajibuje?

Kutoka: Dada wa Bergen

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za huko.

Leo siulizi mambo ya kodi wala viza. Kazini kwetu (natunza wazee, zamu ya asubuhi) saa tano na nusu tunakaa wote meza moja, kila mtu na mkate aliofunga nyumbani kwake. Juzi redio ilitaja vita vya Ukraine, na mama mmoja mtu mzima, mpole kweli, akanigeukia: "Hivi nchi yenu ilikuwa upande gani?" Nikasema hatuna upande. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akarudi kwenye jibini lake. Afadhali angenigombeza.

Nimetafuta. Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura ya kuitaka Urusi iondoe majeshi: 141 ndiyo, 5 hapana, 35 wakajizuia. Sisi tumo kwenye hao 35, pamoja na Uganda, Afrika Kusini na India. Kenya walipiga ndiyo. Mimi shuleni nimelishwa ukombozi wa Afrika asubuhi na jioni. Nieleweshwe, tulibadilika lini? Na Jumatatu niseme nini bila kujigeuza msemaji wa serikali?

---

Kutoka: Kaka wa Doha

Dada pole, ila usijitese. Ngano yetu nyingi inatoka nje, na Urusi ni mmoja wa wauzaji. Nchi inayonunua unga haina haja ya kumtukana mwenye duka.

Nikupe niliyoyaona mwenyewe. Mwanzoni mwa 2018 nilikuwa Kuwait, naendesha gari la familia moja. Pasipoti yangu ilikaa kwenye droo ya bosi, chini ya stakabadhi za umeme, naiona kila akifungua. Februari Ufilipino ikazuia watu wake kwenda kufanya kazi Kuwait, baada ya maiti ya binti yao mmoja kukutwa ndani ya friza. Mei, mkataba ukasainiwa: mfanyakazi wa ndani wa Kifilipino anakaa na pasipoti yake na simu yake. Miezi mitatu tu! Dada wa Kifilipino aliyekuwa akipika nyumba ile ile akapewa yake. Mimi yangu ikabaki droo.

Tofauti yake nini? Wafilipino walikuwa zaidi ya laki mbili Kuwait. Wakiondoka, nani anapika, nani anawaogesha wazee? Walikuwa na kitu mkononi. Wewe huna kitu, unapaza sauti ya nini?

---

Kutoka: Mzee wa Leeds

Marahaba binti. Na wewe kijana wa Doha, nimekusikia, lakini ngoja kwanza.

Novemba 1965 nilikuwa na mwaka mmoja hapa Uingereza, chuo cha ufundi. Ian Smith akajitangazia uhuru Rhodesia (Zimbabwe ya leo), uhuru wa wazungu wachache. Mawaziri wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakakubaliana Addis Ababa kwamba Uingereza isipoizima ile kadhia hadi Desemba 15, wanachama wavunje uhusiano nayo. Siku ilipofika wengi wakakohoa na kutazama pembeni. Mwalimu Nyerere akavunja. Mkopo wa Kiingereza wa pauni milioni 7.5 ukagandishwa hapo hapo, na kwa nchi yetu changa zile hazikuwa hela za kuchezea. Mama mwenye nyumba niliyopanga alinisubiri kwenye ngazi na gazeti mkononi. Aliniuliza kama sasa nitarudishwa kwetu, na kama ni hivyo, kodi ya Desemba ataidai wapi.

Sasa tazama alichoacha. Alivunja ubalozi lakini Jumuiya ya Madola hakutoka. Sisi wanafunzi tukabaki madarasani. Uhusiano ukarudi 1968. Mtu anayesukumwa na hasira peke yake hafanyi hivyo.

Na reli ya TAZARA? Benki ya Dunia walishasema haina faida. Mchina akatoa mkopo usio na riba, kilomita 1,860, kazi ikaanza 1970. Huku shule ya Kibaha ile ile iliyojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, hao wenyeji wako binti, inaendelea kusomesha vijana. Kutofungamana kwa wakati ule kulimaanisha kuchukua kwa wote na kumwambia kila mmoja pale anapokosea.

Nisiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Kaunda, rais wa Zambia, alifunga mpaka na Rhodesia 1973, akaumia kweli kweli. Oktoba 1978 akafungua tena njia ya reli ya kusini, kwa sababu mbolea ilikuwa haifiki na msimu wa kupanda haungoji mtu. Wakulima wa Zambia walikuwa hawali azimio. Mimi nilimlaumu wakati huo, nikiwa nimeshiba, Leeds. Simlaumu tena. Aliyeniudhi ni Banda wa Malawi, aliyefungua uhusiano na makaburu wa Afrika Kusini 1967 hata kabla hajabanwa, akapata mikopo yao ya kujenga Lilongwe. Kaunda alijua analipa nini na akaona aibu. Banda alijisifu.

Kwa hiyo binti, tulibadilika lini? Polepole. Israeli tulivunja nayo 1973, tukarudiana 1995, ubalozi wetu Tel Aviv ukafunguliwa 2018, na Wapalestina bado wana ubalozi Dar. Sera ya 2001 ilisema wazi kwamba sasa ni diplomasia ya uchumi. Sina ugomvi na uchumi. Kinachonikera kuhusu kura ya 2022 ni kwamba sikuona tulichopata wala tulichokilinda. Kama ni ngano, tuambiwe ni ngano. Ukijizuia bila kueleza, anayekutazama atajaza mwenyewe sababu, na hatajaza nzuri.

---

Kutoka: Shemeji wa Toronto

Naingilia kidogo, mnisamehe. Dada wa Bergen uliwahi kuuliza habari za uraia. Norwei wameruhusu uraia pacha tangu 1 Januari 2020. Mlango uliofungwa ni wa kwetu: mtu mzima akichukua uraia mwingine wa Tanzania unapotea, na kiwanja kinakuwa cha mgeni. Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za uhamiaji na ardhi kwa ajili ya hadhi maalumu ya wenye asili ya Tanzania. Usisaini chochote kabla hujasoma masharti yake. Sera ya nje ndiyo hiyo pia, si kura za New York peke yake.

---

Kutoka: Dada wa Bergen

Asanteni. Mzee, nimekusoma mara mbili.

Jumatatu nilimwambia yule mama habari za Kaunda na mbolea, na pauni milioni 7.5. Nikamwambia pia kwamba mimi binafsi ningepiga ndiyo, kwa sababu nchi ndogo inalindwa na mipaka kuheshimiwa kuliko nchi kubwa. Alisikiliza, kisha akasema mwaka ule ule wa vita bei ya gesi ilipanda na Norwei ikavuna sana, na hapa mezani hakuna aliyeuliza Norwei iko upande gani wa pesa hizo. Tukacheka. Kahawa akanimiminia yeye.

Kaka wa Doha, hukumalizia. Hiyo pasipoti uliipataje?

Jumamosi ubalozi wa Stockholm wana kikao cha mtandaoni na sisi wa Nordiki. Nataka kuuliza kama tunapotuma watu Ghuba tunadai sharti la pasipoti na simu kama Wafilipino. Najua Stockholm haishughuliki na Ghuba, lakini wana simu ya wizarani.

---

Kutoka: Kaka wa Doha

Niliipata siku mkataba ulipoisha, uwanja wa ndege, mbele ya geti, bosi akiwa amevaa miwani ya jua. Ukiwauliza, taja pia haki ya kuhama mwajiri bila ruhusa yake. Qatar wameiweka tangu 2020, nami nilihama nayo mwaka jana. Kuwait waulize kivyake. Nakutumia nakala ya mkataba wangu wa sasa kabla ya Ijumaa, kurasa mbili zenye vifungu hivyo, majina nimeyafuta.