Naomba ushauri: kayaki za mashindano kwa wenye ulemavu wa viungo, tunaanzia Matema, Ziwa Nyasa

Mwl_Kyela:
Wakuu, habari za humu. Naomba msaada kwa wanaoujua mchezo wa kayaki kwa wenye ulemavu, ule wa mita 200 unaochezwa kwenye Paralimpiki. Tuna watu wanne wanaotaka kujifunza kwa nia ya kushindana kweli.

Wa kwanza ana miaka 22, mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Wa pili ana miaka 34, alipata polio utotoni, miguu yote miwili haina nguvu lakini kiwiliwili kiko imara. Wa tatu ni dada wa miaka 26, aliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda, hahisi chini ya kitovu, na bila egemeo hakai muda mrefu. Wa nne ana miaka 17, ana mtindio wa ubongo, mikono yake inakakamaa anapoharakisha.

Vifaa tulivyonavyo ni kayaki mbili za plastiki za kukalia juu, makafi mawili ya pande mbili, maboya ya kuvaa sita, na mitumbwi ya wavuvi ya kuazima. Kuna fedha kidogo, na wengine wanashauri tununue kayaki moja ya mashindano iliyotumika. Je, tununue? Nani aingie daraja gani? Na huyu dada tumfunge vipi asianguke?

KafiMbili:
Mwalimu, msinunue kwanza. Nitaeleza kwa nini, ila nianze na madaraja kwa sababu ndiyo yanayoamua chombo.

Kuna vyombo viwili. Kayaki hupigwa kwa kafi la pande mbili, na madaraja yake ni KL1, KL2 na KL3. Va'a ni mtumbwi mwembamba wenye kielea upande mmoja. Waliofika pwani wafikirie ngalawa iliyobakiwa na ubawa mmoja. Hupigwa kwa kafi la upande mmoja, hauna usukani, na madaraja yake ni VL1, VL2 na VL3. Namba ndogo maana yake ulemavu unaathiri zaidi upigaji kafi. Rio 2016 zilichezwa kayaki tu. Tokyo wakaongeza va'a, na Paris 2024 yakafika mashindano 10 ya medali.

Kwa makadirio tu, huyo wa mguu mmoja anaelekea KL3, wa polio KL2, na dada KL1 au KL2 kutegemea kiwiliwili chake. Mwamuzi ni wapimaji wa kimataifa: wanasoma nyaraka za daktari, wanapima nguvu za kiwiliwili na miguu nchi kavu, kisha wanamtazama mtu akiwa majini. Usidhani namba za kayaki na va'a zinalingana. Curtis McGrath wa Australia, aliyepoteza miguu yote miwili, ni KL2 kwenye kayaki lakini VL3 kwenye va'a. Na VL1 haina medali ya Paralimpiki, kwa hiyo dada aanze na kayaki.

La huyo wa miaka 17 nalisema mapema ili asije akavunjika moyo baada ya miaka mitatu ya jasho. Mchezo huu kwenye Paralimpiki unapokea aina tatu tu: upungufu wa nguvu za misuli, upungufu wa kiungo, na viungo visivyokunjuka kikamilifu. Mkakamao wa mtindio wa ubongo haumo. Afanye mazoezi nanyi, yatamfaa sana, lakini kwa ndoto ya Paralimpiki mtafutieni pia riadha au bocha (mchezo wa kurusha mipira ukiwa umekaa), ambako hali yake ina madaraja.

Sasa kununua. Kayaki ya mashindano haya isizidi urefu wa mita 5.20, uzito usipungue kilo 12, na upana usipungue sentimita 50, ukipimwa sentimita 10 kutoka chini ya tumbo. Zile nyembamba za wasio na ulemavu, ambazo ndizo nyingi kwenye soko la mitumba, hazifikii upana huo. Ukinunua bila futi ya kupimia, umenunua chombo ambacho hakiruhusiwi na ambacho mwanafunzi hawezi kukikalia hata dakika moja.

Fundi_Faiba:
Naungana na KafiMbili. Fedha hiyo iende kwenye viti.

Mtu mwenye miguu mizima anapovuta kafi, mguu unasukuma ubao wa mbele, nyonga inazunguka, na kayaki inakwenda. Asiyeweza kusukuma kwa mguu, nguvu yote inapita kwenye makalio na mgongo. Kiti kikicheza hata sentimita moja, atavuta kafi, kiti kitateleza, na kayaki itabaki pale pale. Wengi hulaumu mikono wakati kosa liko chini ya makalio.

Mpime kila mmoja akiwa amekaa kwenye benchi gumu. Upana wa nyonga, ongeza sentimita 1 kila upande kwa ajili ya sponji. Kina cha kiti kiishie sentimita 5 kabla ya nyuma ya goti. Egemeo la mgongo kwa wa polio liishie kwenye mbavu za chini, na kwa dada lipande zaidi, lakini libaki chini ya makombe ya mabega. Likigusa makombe, bega halizunguki, na ndani ya wiki chache utasikia malalamiko ya maumivu. Lilaze nyuma kidogo, nyuzi 5 hadi 10. Huyo wa mguu mmoja hahitaji egemeo refu, anahitaji kikombe cha kushika paja lililokatwa lisielee hovyo.

Ubao: plaiwudi ya milimita 12. Toboa matundu yote kwanza, ndipo upake resini pande zote, kingo, na ndani ya matundu. Ukitoboa baada ya kupaka, maji yanaingia humo na ubao unafumuka. Sponji iwe ile ngumu ya mikeka ya mazoezi. Ijaribu hivi: kata kipande, kikandamize ndani ya ndoo, kitoe ukikamue. Kikitoa maji, kitupe. Sponji ya godoro usiiguse, inabeba maji na baada ya siku chache imelala. Gundi ya fundi viatu inatosha: paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 zikauke, bandika. Kiti kizima kisizidi kilo 3.

Anza kwa kukiweka chini kabisa, sentimita 1 au 2 juu ya sakafu ya kayaki. Kiti kikipanda, mkono unapata pembe nzuri ya kuchoma kafi, ila chombo kinayumba. Pandisha sentimita moja moja, mtu akishatulia. Na msitoboe tumbo la kayaki ya plastiki ili kufunga bolti. Tumieni masikio yaliyopo ya kufungia mikanda.

Kisha mizani. Mkalishe majini, simama pembeni utazame kama mbele na nyuma zimelala sawa. Aliyekosa mguu ana uzito mdogo mbele, hivyo nyuma inazama na kayaki inaburuza maji. Kiti chake kisogezwe mbele. Tena chombo kitalalia upande wa mguu mzima. Huyo wenu amekosa wa kulia, kwa hiyo sogeza kiti kulia sentimita 1 hadi 2. Mwenye miguu iliyopooza bado ana uzito wa miguu, kwake marekebisho ni madogo.

DadaViungo:
Mwalimu, umeuliza mtamfunga vipi. Kabla ya hapo uliza atajifungua vipi.

Mkanda wa kiunoni usiwe wa kufunga fundo wala wa kifungo cha kubofya kama cha begi. Uwe wa kunata (velkro), wenye kishikio kirefu cha kuvuta mara moja, na akifikie kwa mkono wowote. Aanze nchi kavu amefumba macho, avute mara 10 mfululizo. Kisha maji ya kiunoni kwa msaidizi, watu wawili, mmoja kila upande, mnaipindua kayaki kwa makusudi. Asipotoka ndani ya sekunde 5, mkanda huo hautumiki. Kamwe msimfunge miguu kwenye chombo ili isitawanyike. Ikunjieni kitambaa kipana cha kunata kinachoshika mapaja yenyewe kwa yenyewe.

Boya lijaribiwe kwa kila mmoja. Aliyekosa mguu, au ambaye miguu yake imekonda, huelea tofauti, na boya linaloweza kumlaza mwingine chali linaweza kumlaza yeye kifudifudi. Huwezi kujua bila kujaribu kwenye maji mafupi.

La dada ni ngozi. Hahisi makalio, kwa hiyo hatajua kama kuna mchanga chini yake. Dakika 20 za mwanzo zitoshe, kisha mwanamke mwenzake amkague. Wekundu usiopotea ndani ya nusu saa ni mwanzo wa kidonda, na kidonda hicho kinaweza kumlaza miezi. Bukta isiyo na mshono mnene wala mfuko wa nyuma, soksi miguuni daima, na plastiki iliyokaa juani imwagiwe maji kabla hajakaa, kwa maana itamuunguza bila yeye kuhisi. Atoe mkojo kabla ya kuingia. Jasho halimtoki vizuri chini ya jeraha, na joto la Kyela mnalijua: kofia, maji ya kumwagia shingoni, na asipite saa 3 asubuhi ziwani.

Wote wapimwe kichocho mara kwa mara. Kwa anayetumia mrija wa mkojo, damu kwenye mkojo ni rahisi kudhaniwa ni maambukizi ya kawaida.

Mnyasa_Asilia:
Kwa ziwa: ingieni saa 12 na nusu asubuhi. Maji ya Matema wakati huo huwa yametulia, baadaye upepo unaanza. Kuanzia Mei hadi Agosti mwera ukivuma, mawimbi hayana huruma, siku hizo fanyeni nchi kavu. Kaeni mbali na midomo ya mito, Lufilyo hasa, mamba wapo. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mto unaleta magogo. Ulizeni wavuvi wa asubuhi hiyo hiyo, si wa jana, na mtumbwi wa kuokolea uwe majini tayari, si umeegeshwa mchangani.

Mtu_wa_Isimani:
Wakuu, sisi wa Iringa bwawa la Mtera haliwezi kutufaa?

Mnyasa_Asilia:
Mtera kuna mamba na viboko, na upepo wake hauna kizuizi. Kwa anayejifunza, na asiyeweza kukimbia akitoka majini, hapana. Jengeni nguvu nchi kavu, kisha mje kambi Matema.

Fundi_Faiba:
Nimekumbuka mitumbwi ya kuazima. Mnaweza kuutia mmoja kielea mkapata va'a ya kujifunzia. Bomba la plastiki la inchi 4, mita 2, lizibwe pande zote kwa gundi ya mabomba. Linabeba takriban kilo 15 kabla ya kuzama, inatosha kumzuia mtu asipinduke. Mianzi miwili mikavu, likae upande wa kushoto, kama mita 1 kutoka katikati ya mtumbwi. Fungeni kwa mpira wa tyubu uliokatwa vipande virefu. Misumari inapasua mwanzi.

Mpigaji akishakaa, bomba liguse maji tu. Likizama, mtumbwi utavutwa kushoto kila wakati. Likining'inia juu, ataegemea kulia na kuanguka huko. Huyo wa KL3 ajaribu humo. Ila kwa mashindano va'a ina vipimo vyake: urefu usiozidi mita 7.30, uzito usiopungua kilo 13 pamoja na kielea na mirengu yake, yaani miti inayokiunga na mtumbwi.

Mwl_Kyela:
Ndaga fijo, asanteni sana wakuu. Nimeacha kununua. Mawili yamebaki: mita 200 tuzipime vipi ziwani, na mazoezi ya wiki yaweje?

KafiMbili:
Kamba isiyovutika sana, yenye boya kila mita 50, madumu ya lita 5 yanatosha, na jiwe la nanga kila mwisho. Iende sambamba na ufuko. Pimeni kamba ikiwa imelowa, kwa sababu ikiloa urefu wake hubadilika.

Miezi miwili ya mwanzo msishike saa. Siku tatu kwa wiki, dakika 20 za kupiga taratibu, kisha mara 6 za mita 100 kwa nusu ya nguvu, pumziko dakika 2. Mtazameni kafi: liingie karibu na vidole vya miguu, au mahali ambapo vingekuwa, lizame lote kabla ya kuvutwa, litoke kwenye nyonga. Likivutwa kabla ya kuzama linarusha maji na bega linaumia. Dada asiyezungusha kiwiliwili atapiga fupi na haraka zaidi, hilo si kosa, msimlazimishe mkono mrefu. Wanaume bora wa KL1 duniani hupiga mita 200 kwa takriban sekunde 45, wenu wakianza na 90 msishtuke.

Siku mbili za nchi kavu: benchi, mpira wa tyubu uliofungwa kwenye mti, na kwa kila zoezi moja la kusukuma, mawili ya kuvuta nyuma. Anayetumia kiti mwendo mabega yake yanasukuma kutwa nzima. Akianza kuumwa anapojihamisha kutoka kiti kwenda kitanda, mpumzisheni wiki, hata kama majini anasema hajisikii chochote.

Klabu isajilini mapema. Pitieni kwa afisa michezo wa halmashauri, usajili uende Baraza la Michezo la Taifa. Na ripoti za daktari za hao watatu anzeni kuzikusanya sasa, hasa za dada, maana picha za uti wa mgongo za wakati wa ajali hupotea hospitalini.

DadaViungo:
Mwalimu, ukimkalisha dada mara ya kwanza nipigie picha ya kiti akiwa hayumo na akiwamo, kutoka pembeni. Nione egemeo limefika wapi kabla hajaingia majini.