Sonona sugu: je, ni haki kupima dawa ya nyongeza kwa kidonge kitupu?

Mleta mada:
Wadau, kila mjadala wa sonona sugu, yaani ile isiyopona kwa dawa za kawaida, ukianza, lazima atokee wa kusema kumpa mgonjwa kidonge kitupu ni ukatili. Sikubali. Katika majaribio haya mgonjwa kwa kawaida haachishwi dawa yake. Anaendelea kuimeza, kisha bahati nasibu inaamua aongezewe dawa inayopimwa au kidonge kisicho na kitu. Bila hivyo utajuaje kama nafuu imeletwa na dawa, au na kule kuonwa na daktari mara kwa mara na kuulizwa umelalaje?

Kinachonikera ni muda. Aripiprazole, dawa ya magonjwa ya akili kama skizofrenia, ilipata kibali Marekani mwaka 2007 itumike kama nyongeza kwa dawa za sonona, kwa majaribio ambayo kipindi cha kulinganisha kilikuwa wiki 6. Watu huitumia miezi, wengine miaka. Maudhi kama kutotulia, kule kwa mtu kushindwa kukaa kitini akawa anazungukazunguka chumbani, huonekana mapema. Lakini unene unaopanda kilo kwa kilo, au midomo kuanza kuchezacheza yenyewe? Wiki 6 hazitoshi.

Mchangiaji 1:
Mkuu, mgonjwa haulizi kama dawa inashinda kidonge kitupu. Anauliza aongeze ipi, au abadilishe kabisa. Utafiti wa OPTIMUM wa 2023 ulijibu hilo kwa wenye miaka 60 na zaidi ambao angalau dawa 2 zilishindwa kuwasaidia. Walioongezewa aripiprazole, takriban asilimia 29 dalili ziliisha. Walioongezewa bupropion, dawa nyingine ya sonona, 28. Waliobadilishiwa kwenda bupropion, 19. Ila walioongezewa bupropion ndio walioanguka zaidi, na kwa mzee kuanguka si maudhi madogo ya dawa. Kidonge kitupu hakikuwepo.

Mchangiaji 2:
Mnabishana kana kwamba wagonjwa wote wanaingia. Majaribio mengi huwaacha nje walio katika hatari ya kujiua. Hao hao ndio tunaokutana nao wodini!

Mleta mada:
Namba 2, hapo umenishika. Sina la kubisha. Namba 1, dawa kwa dawa naafiki, lakini OPTIMUM kila mtu alijua anachomeza, na hali yenyewe inapimwa kwa kumuuliza mgonjwa anajisikiaje. Na hatua ile ya kulinganisha dawa hizo ilikuwa wiki 10 tu. Mimi nasema kibali kiwe cha masharti: kampuni ifuatilie watu mwaka mzima, ikishindwa kinafutwa. Anayepinga aseme nani mwingine agharamie.