Kwa nini Rhodesia ilishindwa vita licha ya kushambulia kambi za Msumbiji?

MwalimuDunda
Wanajukwaa, salaam kutoka Bagamoyo, mji ambao FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilikuwa na shule yake ya sekondari. Wanafunzi wangu wa historia wananibana: ikiwa jeshi la Rhodesia, Zimbabwe ya leo, liliweza kuvuka mpaka wa Msumbiji na kuua mamia ya watu kwa siku moja, lilishindwaje vita? Na je, zile zilikuwa kambi za wapiganaji au za wakimbizi?

Mwanakaole
Mwalimu, naanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linaloniuma. Tarehe 9 Agosti 1976 Selous Scouts, kikosi maalumu cha jeshi la Rhodesia, kiliingia kambi ya Nyadzonya nchini Msumbiji kikiwa kimevaa sare za FRELIMO, katika magari yaliyopakwa rangi za jeshi la Msumbiji, na watu waliokuwa wamekusanyika uwanjani wakafyatuliwa risasi kabla hawajatambua kuwa wageni wale ni maadui. Waliuawa zaidi ya elfu moja. Rhodesia ilisema ni wapiganaji. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema ni kambi ya wakimbizi. Vijana waliovuka mpaka kwenda kujiunga na ZANLA, jeshi la wapigania uhuru wa Zimbabwe, walikaa humo wakisubiri mafunzo, pamoja na wanawake na watoto, na hata kama baadhi yao wangekuja kushika bunduki baadaye, siku ile wengi hawakuwa nayo. Tafadhali wafundishe hivyo bila kumung'unya maneno.

MzeeWaPangani
Naafikiana na Mwanakaole. Ama swali la kwanza, tazameni Novemba 1977, ZANLA iliposhambuliwa Chimoio na siku chache baadaye Tembue, iliyo zaidi ya kilomita 200 ndani ya Msumbiji. Kijeshi Rhodesia ilishinda, lakini vijana waliendelea kuvuka mpaka kwa wingi, na mafunzo yaliendelea hata huku kwetu, Mgagao mkoani Iringa, ambako ndege za Rhodesia hazikufika.

MwalimuDunda
Shikamoo mzee. Kwa hiyo mashambulizi hayakuwa na athari yoyote?

MzeeWaPangani
Marahaba. Yalikuwa nayo, ila mzigo ulimwangukia mwenyeji. Kufikia 1979 Rhodesia ilikuwa ikilipua madaraja ya Msumbiji, nchi ambayo tayari ilikuwa imepoteza mapato kwa kufunga mpaka wake mwaka 1976. Ndiyo maana Samora Machel, rais wa Msumbiji, alimsukuma Robert Mugabe, kiongozi wa upande wa ZANLA, akubali mazungumzo ya Lancaster House jijini London, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 1979. Utawala wa wazungu wachache nao ukafikia kikomo.