Tupeane uzoefu: dandelioni, kuanzia kuichimba hadi kuinywa

Mwanzisha mada, Kabale
Ndugu, tukusanye hapa namna tunavyoitambua dandelioni, mmea wa porini wa ua la njano tunaoutumia kama dawa, tunavyoikausha, na nani hafai kupewa. Wekeni vipimo kwa gramu, "kiganja kimoja" hakitusaidii.

Naanza na kuitambua, maana magugu yanayofanana nayo ni mengi. Majani yote hutoka chini, juu ya mzizi, na meno yake yameelekea nyuma. Kikonyo cha ua kina uwazi ndani kama mrija, hakina jani wala tawi, na hubeba ua moja la njano. Utomvu mweupe peke yake si uthibitisho, mchunga nao unao. Ukiona shina lenye majani na maua mengi, acha. Majani yenye manyoya yanayokwaruza, acha pia.

Mkaushaji, Mbale
Mzizi chimba kwa uma wa shamba baada ya mvua. Ukiuvuta kwa mkono unakatikia chini. Sugua kwa brashi, usiloweke. Pasua kwa urefu, halafu kata vipande vya nusu sentimita. Hapa ndipo mali nyingi inaharibika: mzizi mzima unakauka nje huku ndani ukiwa mbichi, ukiufungia mkebeni unaota ukungu. Kipande kilichoiva kwa kukauka hukatika kwa mlio. Kikipinda, kirudishe kichanjani.

Majani ni kivulini. Mvua za Machi hadi Mei zikibana, tumia kikaushio cha nailoni chenye matundu ya hewa juu na chini, bila hivyo mvuke unayapika.

Mtengenezaji wa chai za mitishamba, Jinja
Mtu mzima: majani makavu gramu 4 hadi 10, maji ya moto kikombe kimoja, funika dakika 10, hadi mara 3 kwa siku. Mzizi gramu 3 hadi 4, huo uchemshe kwenye sigiri kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15. Tafuta mzani mdogo, kwa sababu kijiko cha unga na kijiko cha majani yaliyovunjwa havilingani uzito.

Kwa desturi hutumika kuleta hamu ya kula, kupunguza tumbo kujaa, na kuongeza mkojo. Utafiti wa mwaka 2009 uliona ongezeko la kukojoa, ila walikuwa watu 17 tu, kwa siku moja. Haitibu malaria wala homa ya ini, tafadhali msiwauzie watu hivyo.

Mfamasia, Kampala
Mwenye mawe ya nyongo, njia ya nyongo iliyoziba, ugonjwa wa ini au vidonda vya tumbo asipewe. Majani yana potasiamu nyingi: figo dhaifu zikishindwa kuitoa, mapigo ya moyo yanavurugika. Hatari hiyo huongezeka kwa anayemeza spironolaktoni au enalaprili, dawa za moyo na shinikizo la damu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ajue majani yana vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 12, hapana.

Swali, Masaka
Nyabo, na mgonjwa wa kisukari?

Mfamasia, Kampala
Amwone daktari wake kwanza, ssebo, potasiamu inaweza kumpanda naye pia. Na yeyote ambaye dalili zinapita wiki 2 aende kupimwa.

Mkaushaji, Mbale
Niongeze: kando ya barabara kuu na kwenye migomba iliyopigwa dawa ya magugu, msichume.